Tuwafundishe Vijana Kumtumaini Mungu Wasipoijua Kesho

Hotuba ya Mlezi wa Kwaya katika Sherehe ya Jubilei ya Fedha, Jumapili 23 Novemba 2025



Nimepewa dakika ishirini. Wanakwaya wanaonijua wameanza kucheka, kwa maana katika mazoezi nikisema "tangazo moja tu" huwa wanakaa chini. Leo nitajitahidi.

Kwaya yetu ilianza mwaka 2000, mwaka wa Jubilei Kuu, Papa Yohane Paulo II alipoualika ulimwengu kuingia milenia mpya kwa kupitia Mlango Mtakatifu. Tulikuwa watu wachache, ngoma moja na kayamba mbili. Leo tunatimiza miaka 25, na tazameni jinsi Mungu alivyopanga: tumefika katika mwaka mwingine wa Jubilei, ule ulioitishwa na hayati Papa Fransisko ili tutembee kama mahujaji wa matumaini, na ambao sasa tunaendelea nao pamoja na Papa Leo XIV. Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Leo ni sherehe ya Kristu Mfalme. Na wikendi hii hii kwaya kutoka nchi nyingi ziko Roma kwa Jubilei ya Kwaya. Sisi nauli ya Roma hatukupata, lakini wimbo wa hapa unafika kule kule wa Roma unakofika.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya jinsi ya kuwafundisha vijana wetu kumtumaini Mungu wakati maisha hayaeleweki. Nilikubali upesi, kisha nikakosa usingizi. Katika jambo hili mimi ni mdaiwa, na jubilei ni mwaka wa kushughulikia madeni. Kwa hiyo niruhusuni nianze na neno lenyewe jubilei, halafu niwaambie deni langu.

Jubilei ilianza na swali la chakula

Tukisikia jubilei tunafikiria keki, sare mpya na wageni. Lakini ukisoma kitabu cha Walawi, sura ya 25, utaona kwamba jubilei ya kwanza ilikuwa jambo la kutisha kidogo. Kila mwaka wa saba ardhi ilipaswa kupumzika, na mwaka wa hamsini vilevile. Hakuna kulima, hakuna kupanda. Baragumu inapigwa, watu wanarudi kwa jamaa zao, waliouzwa utumwani wanaachiliwa, na shamba linakaa hivyo hivyo.

Sasa wewe mkulima wa hapa kwetu, mwenye watoto wanne na mbuzi wawili, uambiwe mwaka huu usipande mahindi. Utauliza nini? Utauliza: tutakula nini? Kinachonigusa ni kwamba swali hilo limo ndani ya Biblia, katika sura hiyo hiyo. Mungu mwenyewe analitaja kabla watu hawajalisema. Hakusema ni dhambi kuuliza wala hakumwita mwenye kuuliza asiye na imani. Anajua kwamba mtu akiambiwa amtumaini Mungu na huku ghala linapungua, lazima ataliangalia ghala.

Ndugu zangu, vijana wetu leo wanaangalia ghala.

Mwezi huu watoto wetu wa kidato cha nne wamefanya mtihani wa KCSE. Sasa wako nyumbani wakingoja matokeo, na kila mgeni anayekuja kunywa chai anawauliza, "Unatarajia gredi gani?" Wadogo zao wa gredi ya 9 ndio kundi la kwanza kabisa kufanya mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, na Januari watakuwa wa kwanza kuingia gredi ya 10. Hawana kaka wala dada wa kumuuliza kulivyo huko, kwa kuwa hakuna aliyewatangulia. Wako waliomaliza chuo wakapiga picha na joho, na picha ingali ukutani, lakini wao wanaosha magari. Wako waliojaribu bahati yao Ghuba. Wako waliokaa na simu usiku kucha wakibeti, na asubuhi hawana nauli ya kuja Misa. Vijana hawa wanapouliza tutakula nini, tuwajibu nini?

Nitawaambia nilivyomjibu mmoja wao.

Deni langu

Nimeomba ruhusa yake kabla ya kusimama hapa. Alisema nisitaje jina, nami sitalitaja.

Alikuja kwetu akiwa mtoto wa darasa la sita. Alikuwa anakaa karibu na kinanda, haondoki mpaka kifunikwe. Mwalimu wa kwaya akaanza kumwonyesha kidogo kidogo, na alipofika kidato cha pili alikuwa anaweza kupiga Misa nzima. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2018. Mwaka uliofuata mama yake, aliyemlea peke yake, akaugua figo. Ikawa ni kwenda hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Waliopitia hapo wanajua: si ugonjwa wa mtu mmoja, familia nzima inalala kwenye benchi ya hospitali.

Sisi kwaya tulifanya tulichojua kufanya. Tulichanga. Tulifunga. Tulisali novena siku tisa, na siku ya tisa kanisa lilijaa. Jioni ile, pale langoni, nilimshika kijana yule bega nikamwambia: "Mwanangu, wewe imba tu. Ukimwimbia Mungu kwa moyo wote, hatakuacha yatima."

Nilisema kwa upendo, na mbele ya Mungu sikuwa na nia mbaya. Lakini nilitoa ahadi ambayo sikutumwa kuitoa.

Mama yake alifariki Februari 2020. Tulikwenda mazishini na sare zetu, tukaimba vizuri sana, naye akapiga kinanda kwenye mazishi ya mama yake mwenyewe. Tukasifu nguvu zake. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, alinijia na ufunguo wa kabati la kinanda. Akaniwekea mkononi, akasema: "Mama, niliimba." Maneno mawili tu. Kisha akaondoka.

Mwezi uliofuata makanisa yakafungwa kwa sababu ya korona, na sisi hatukuona pengo lake kwa kuwa sote tulikuwa pengo. Julai yalipofunguliwa mnakumbuka masharti: waumini 100, ibada ya saa moja, watoto chini ya miaka 13 wabaki nyumbani, na wazee waliopita miaka 58 wabaki nyumbani pia. Kijana hakuja. Tukasema labda anaogopa ugonjwa. Tukasema vijana siku hizi. Tukatafuta mpiga kinanda mwingine.

Yuko mtu mmoja aliyemtafuta. Mzee wetu wa sauti ya nne, ambaye naye hataki nimtaje, alikuwa amepita umri uliowekwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Jumapili ilifika akawa hana pa kwenda. Basi akavaa koti lake kama kawaida, akatembea hadi kwenye steji ya boda boda ambako kijana yule alikuwa ameanza kufanya kazi, akanunua chai mbili. Akamwambia, "Mimi nimezuiwa na serikali, wewe umejizuia mwenyewe. Tukae." Wakakaa. Jumapili iliyofuata akarudi. Hakumhubiria. Alimuuliza kuhusu pikipiki, deni la pikipiki, mvua, na alikula nini jana. Ilipita miezi kabla kijana hajamuuliza kwa nini Mungu alimchukua mama yake. Na mzee alimjibu: "Sijui. Mimi nilimzika mtoto wangu mwaka 1997, na bado sijui. Lakini sijaacha kumuuliza, na kumuuliza ndiko kunanifanya niende kanisani."

Mimi nilikwenda kumwona mwaka 2021. Nilichelewa hivyo. Nilikwenda kumwomba msamaha kwa yale maneno ya langoni. Nilidhani atanilaumu kwa ajili ya maombi ambayo hayakujibiwa. Aliniambia jambo jingine ambalo sitalisahau. Alisema: "Mama, sikuondoka kwa sababu Mungu alinyamaza. Niliondoka kwa sababu baada ya mazishi nanyi mlinyamaza. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula."

Wapendwa, ndilo deni langu. Na nadhani si langu peke yangu.

Kutumaini si kununua

Tangu siku ile nimejiuliza: tumekuwa tukiwafundisha vijana wetu nini hasa? Nikaona kwamba mara nyingi tumewafundisha biashara, na tukaiita imani. Ukisali sana utapita. Ukitoa zaka utapata kazi. Ukiimba kwa bidii mama atapona. Na kwa sababu sisi tumewazoesha biashara, anapokuja mtu kwenye simu anayejiita nabii, akawaambia watume mbegu ya shilingi elfu moja ili wafunguliwe milango, wanatuma. Lugha anayoitumia walishaisikia kwetu.

Someni Danieli sura ya 3. Vijana watatu, Shadraka, Meshaki na Abednego, wako ugenini, na tanuri limewashwa. Walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa. Hapo ndipo mahubiri mengi yanapoishia. Lakini wao waliendelea. Waliongeza kwamba hata kama hatawaokoa, sanamu hawataiabudu. Hilo "hata kama" ndilo tumeliondoa katika malezi yetu. Tumewapa watoto nusu ya kwanza ya sentensi, na maisha yakawapa tanuri. Kijana aliyefundishwa nusu ya sentensi akishafika kwenye moto atasema Mungu ni mwongo, kumbe mwongo ni mwalimu wake.

Kutumaini ni kujua upo mikononi mwa nani, hata usipojua unapelekwa wapi. Mtoto mgongoni mwa mama yake haulizi kama matatu itapatikana. Mvua inaweza kunyesha, wanaweza kulala njiani. Lakini anajua mgongo wa mama yake.

Yale ambayo nyimbo zetu zimeacha

Nilipokuwa natayarisha maneno haya nilitoa mafaili yetu yote ya nyimbo, tangu yale ya kwanza yaliyopigwa taipu. Tuna nyimbo za shangwe, za sadaka, za komunyo, za shukrani, za Bikira Maria. Nilitafuta wimbo ambao mtu mwenye uchungu anaweza kumlilia Mungu nao, ukiacha zile za mazishi na za Ijumaa Kuu. Nilipata mmoja, nao hatujauimba kwa miaka mingi.

Sasa fungueni Zaburi, kitabu cha nyimbo cha Biblia. Sehemu kubwa ya zaburi ni malalamiko. Zaburi ya 88 inaanza gizani na inamalizika gizani. Hakuna aya ya mwisho inayosema mambo yamekuwa mazuri. Na juu yake imeandikwa kwamba ni ya wana wa Kora, waimbaji wa hekaluni, na imekabidhiwa kwa kiongozi wa waimbaji. Maana yake ilipewa kwaya! Kuna siku mwalimu wa kwaya alisimama mbele ya watu akainua mkono, na kwaya nzima ikaimba wimbo wa mtu ambaye haoni msaada, ndani ya nyumba ya Mungu, na hakuna aliyewafukuza.

Na nabii Habakuki, aliyeanza kitabu chake kwa kumuuliza Mungu atamlilia mpaka lini, anamaliza akisema kwamba hata mtini usipochanua na zizi likawa bila ng'ombe, yeye atamfurahia Bwana. Mstari wa mwisho kabisa wa kitabu chake ni maagizo kwa mwimbishaji, juu ya vinanda. Swali lake lilimalizikia kwenye kwaya.

Tena Bwana wetu mwenyewe. Mathayo na Marko wote wawili wanatuambia kwamba baada ya karamu ya mwisho, Yesu na wanafunzi wake waliimba, ndipo wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Aliimba akijua kinachomngoja. Na saa chache baadaye, katika bustani, aliomba kikombe kimwondokee, akatoa jasho la uchungu. Kuimba hakukumzuia kulia, na kulia hakukufuta wimbo wake. Mtoto akituona tunaimba tu na hatulii kamwe, atafikiri akilia amekosa imani.

Kimya kilichoandikwa

Sisi wanakwaya tuna somo moja ambalo wengine hawana. Wengi wetu tulijifunza nyimbo kwa solfa. Mnajua kwamba kwenye karatasi ya solfa kistari maana yake ni shikilia sauti, usiiachie. Na pale penye nafasi tupu, pasipo herufi wala kistari, maana yake nyamaza. Mwimbaji mgeni akiona nafasi tupu anafikiri mwandishi amesahau. Anaingia mapema, na wimbo unaharibika. Mwimbaji aliyezoea anajua kwamba mapigo yanaendelea. Anahesabu. Ananyamaza lakini yumo ndani ya wimbo.

Wanangu mnaongoja matokeo, mnaongoja kazi, mnaongoja mtu apone: sisemi najua kwa nini nafasi hiyo iko tupu. Lakini nawaambia kwamba kimya hakikutoi kwenye wimbo. Endelea kuhesabu. Na hakuna anayehesabu vizuri peke yake. Sauti ya kwanza ikipotea, husikiliza sauti ya nne iko wapi. Kijana yule alipopoteza hesabu, sauti ya nne ilikwenda kumtafuta kwenye steji ya boda boda.

Tufanye nini sasa

Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nimezungumza na kamati na mwalimu wa kwaya, na tumekubaliana mambo manne. Hayahitaji harambee.

Kwanza, kila mazoezi ya kwanza ya mwezi, mmoja wetu wa umri mkubwa atawasimulia vijana kwa robo saa kitu alichomwomba Mungu asikipate, na alivyoishi baada ya hapo. Tunajua kutoa ushuhuda wa ushindi. Wako hapa waliopoteza kazi miaka ya tisini na watoto wakarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Wako waliokaa miaka bila kupata mtoto. Vijana wanatuona tumevaa joho safi wanadhani tulizaliwa tumetulia. Tuwaambie ukweli, bila kuutia sukari.

Pili, mwalimu wa kwaya atatufundisha zaburi ya maombolezo kila Kwaresima, tuanze na ya 88. Tutaiimba yote hadi mwisho wake wa giza, bila kuibandika aleluya.

Tatu, kila msiba utakaompata mwanakwaya utakuwa na watu wawili wa kuushika kwa miezi sita. Si kwa mazishi tu. Miezi sita. Wataandikwa kwenye daftari la kwaya kama tunavyoandika michango. Kazi yao ni kwenda, kuuliza kama kuna chakula, na kukaa. Na tumekubaliana maneno fulani tuyaweke kando kwa muda: "usilie", "jikaze wewe ni mwanaume", "ni mapenzi ya Mungu" iliyosemwa kabla hata kaburi halijafukiwa. Badala yake tuseme "nipo", tuseme "sijui", tuseme "kesho nitakuja", na kesho twende. Na kijana akikuambia kwamba amechoka kuishi, usimwambie tu akasali. Sali naye, usimwache peke yake, na mpeleke hospitalini au kwa mshauri siku hiyo hiyo. Mungu huponya pia kwa mikono ya daktari.

Nne, tumaini lina mikono. Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia barua watu waliopelekwa uhamishoni Babeli. Watu wengi wanapenda mstari mmoja wa barua hiyo, ule unaohusu mipango mizuri ya Mungu, na wanauchapisha kwenye fulana. Lakini kabla ya mstari huo aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wauombee mji waliomo. Na aliwaambia itachukua miaka 70. Yaani kumtumaini Mungu ni kupanda mboga mahali ambapo hukutaka kuwa. Humu kwayani tuna mafundi cherehani, fundi umeme, mwashi, wauguzi, walimu, wakulima wa kuku, mwenye duka la dawa za mifugo. Kuanzia Desemba kila kijana anayengoja matokeo atapewa mtu mmoja wa kumfuata kazini siku mbili kwa wiki. Hatumwahidi kazi. Tunamwahidi kwamba hatangoja akiwa peke yake. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Kwenu vijana

Wanangu, nina maneno machache kwenu.

Ulizeni. Msiogope kwamba swali litamvunja Mungu. Yule baba katika Injili ya Marko, mwenye mtoto mgonjwa, alimwambia Yesu kwa pumzi moja kwamba anaamini na kwamba anahitaji kusaidiwa kutokuamini kwake. Yesu hakumwambia arudi akishamaliza mashaka. Alimponya mtoto wake.

Matokeo yatakapotoka Januari, wengine mtafurahi na wengine mtajifungia chumbani. Mkifurahi, msiseme Mungu amewapenda kuliko wenzenu. Mkilia, msiseme amewasahau. Gredi inasema ulivyojibu maswali fulani katika mwezi fulani. Haisemi wewe ni nani. Uliitwa jina siku ya ubatizo wako kabla hujajua kusoma.

Na mkituona sisi wakubwa tunawaahidi mambo ambayo si yetu kuahidi, tuambieni. Kwa heshima, lakini tuambieni. Mimi niliambiwa kwa ufunguo wa kabati.

Kwenu wazazi: najua mnachoogopa. Mmeuza shamba, mmeuza ng'ombe, mmekopa kwenye chama ili mtoto asome, na sasa mnaona hakuna kinachoonekana. Usimwambie mtoto, "Baada ya yote niliyokufanyia." Yeye analijua deni hilo na linamlaza macho. Mwambie unamwamini Mungu juu yake, kisha mwonyeshe kwa kumwekea chakula bila maneno.

Ninamalizia. Katika jubilei ya Walawi, baragumu ilipopigwa kila mtu alirudi kwa jamaa yake. Kijana niliyewaeleza alirudi Krismasi ya mwaka 2022. Aliingia Misa ya mkesha, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mzee wa sauti ya nne alitoka kwenye safu yetu akaenda kukaa naye, na Misa ile tukaimba bila yeye, sauti ya nne ikiwa dhaifu kidogo. Ilikuwa Misa nzuri kuliko nyingi.

Bado anaendesha boda boda siku za kazi. Bado ana maswali. Kuna beti fulani ambazo tukizifikia anapiga kinanda lakini mdomo hausogei, na nimejifunza kutomwangalia. Hajapata jibu la kwa nini mama yake hakupona, wala mimi sijapata. Lakini kila Alhamisi anafika mazoezini wa kwanza, na sasa yuko mtoto wa darasa la sita anayekaa karibu na kinanda na haondoki mpaka kifunikwe.

Ufunguo wa kabati niliutunza mkobani miaka hiyo yote. Nilimrudishia, na leo ndiye aliyefungua.

Tuombe. Ee Baba, tumewafundisha watoto wako pungufu, utusamehe. Wale wanaongoja, ngoja pamoja nao. Wale walioondoka, tupeleke mahali walipo na chai mikononi. Na sisi sote utufundishe kukuimbia hata kama. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.